Bangi Kwenye Mizani ya Maabara

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu bangi inapotafitiwa kama dawa, na nitaanza na hesabu, maana katika jambo hili maneno yamekuwa mengi kuliko vipimo.

Mwaka 2017, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani na Ulaya. Waliohusika walikuwa watoto na vijana 120 wenye ugonjwa unaoitwa Dravet. Ni aina ya kifafa inayomwanza mtoto kabla hajatimiza mwaka, mara nyingi kwa degedege inayoandamana na homa, na kwa wengi chanzo chake ni hitilafu katika jeni moja inayoongoza upitaji wa sodiamu kwenye seli za neva. Mzazi hupewa dawa ya kwanza, haifui dafu. Huongezewa ya pili, kisha ya tatu, na mtoto bado anaanguka.

Kati ya hao 120, watoto 61 waliongezewa, juu ya dawa walizokuwa wakitumia, sharubati yenye kanabidioli, ambayo kwa kifupi huitwa CBD. Hiyo ni kemikali moja miongoni mwa nyingi zilizomo kwenye mmea wa bangi, na haileweshi. Wale 59 waliosalia walipewa sharubati inayofanana na ile kwa sura na ladha, ila haikuwa na dawa ndani. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi, na daktari naye hakujua. Kazi ya mzazi ilikuwa kuhesabu na kuandika kila mtoto alipoanguka. Baada ya majuma 14 ndipo ikafunuliwa nani alikunywa nini.

Sikiliza sasa. Kwa mtoto wa katikati kwenye kundi la CBD, degedege zilishuka kutoka mara 12.4 kwa mwezi hadi mara 5.9. Kwa mtoto wa katikati kwenye kundi la sharubati tupu, zilitoka mara 14.9 hadi 14.1, yaani karibu palepale. Kwa mama aliyekuwa akimnyanyua mwanawe sakafuni mara 12 kwa mwezi, kubaki na mara 6 si jambo dogo. Na kwa watoto wachache, degedege zilikoma kabisa kipindi chote cha jaribio. Katika kundi la sharubati tupu hakuna hata mmoja aliyefika hapo.

Watafiti waliandika na mabaya waliyoyaona. Wapo watoto waliosinzia sana, walioharisha, waliokosa hamu ya kula, na wengine vipimo vyao vya ini vilipanda, hasa waliokuwa wakitumia dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti. Haya yote yaliingia kwenye maelezo ya dawa hiyo, Epidiolex, Marekani ilipoiidhinisha mwezi Juni mwaka 2018 kwa ugonjwa wa Dravet na ugonjwa mwingine wa kifafa cha watoto uitwao Lennox-Gastaut. Ikawa dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali iliyochujwa kutoka mmea wenyewe wa bangi kupata idhini hiyo nchini humo. Ni mafuta ya ufuta yenye CBD na ladha ya stroberi, na daktari anaipima kwa miligramu kulingana na uzito wa mtoto.

Nimekaa sana kwenye jaribio hili moja kwa sababu ndani yake yamo yote ninayotaka kuyasema leo. Ila kwanza turudi nyuma.

Kumtuliza mtoto mwenye degedege kwa mmea huu si habari mpya. Mwaka 1839, daktari mmoja wa Ireland aliyekuwa akifundisha kwenye chuo cha tiba cha Kalkuta nchini India, William O'Shaughnessy, alichapisha taarifa ndefu kuhusu bangi. Wahindi walikuwa wakiitumia karne na karne, naye aliwauliza, akasoma, kisha akaanza kupima kwa mpangilio. Alianza na wanyama. Akaona kwamba mbwa, paka na tai walilewa upesi, ilhali mbuzi, kondoo na ng'ombe hawakutikisika sana. Ndipo akaingia kwa wagonjwa wenye baridi yabisi, pepopunda na kipindupindu, na kwa mtoto mchanga wa kike aliyekuwa akishikwa na degedege, akampa matone ya bangi iliyolowekwa kwenye kileo. Mtoto yule alipona. Aliandika pia habari za mgonjwa aliyekakamaa viungo baada ya dozi, jambo lililowatia hofu waliokuwapo. Namheshimu kwa hilo.

Dawa yake ilienea Ulaya na Marekani, kisha ikafifia, na sababu yake inafaa kujulikana. Mofini ilikuwa imeshatenganishwa na afyuni tangu mwanzoni mwa karne ile, kwa hiyo daktari aliweza kupima kiasi anachotaka na kukidunga kwa sindano. Bangi haikuwa hivyo. Hakuna aliyejua ni kemikali ipi inayofanya kazi. Chupa ya leo ilikuwa kali, ya kesho dhaifu, na mafuta yake hayayeyuki kwenye maji.

Kitendawili hicho kilikaa zaidi ya miaka 100 bila kuteguliwa hadi alipotokea Raphael Mechoulam, mwanakemia wa Israeli aliyefariki mwaka 2023. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa kijana kwenye Taasisi ya Weizmann, na alihitaji malighafi ya kufanyia kazi. Kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi, polisi walimpa kilo 5 za hashishi walizokamata, naye akapanda basi kurudi maabara huku mzigo ukinukia abiria. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza umbo la CBD. Mwaka 1964, pamoja na Yechiel Gaoni, walieleza THC, kemikali inayolewesha. Toka hapo ikawezekana kumpa mtu miligramu 10 za kitu kinachojulikana.

Kisha likaja swali la kina zaidi: kwa nini mwili wa binadamu uitikie kemikali ya mmea? Mwaka 1988, Allyn Howlett na William Devane, huko St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kwenye ubongo kuna vipokezi ambavyo THC hujishika navyo. Mwili haukuumbiwa vipokezi kwa ajili ya moshi wa mtu, kwa hiyo lazima uwe na kemikali yake wenyewe inayovitumia. Mwaka 1992, maabara ya Mechoulam ilitenga ya kwanza kutoka ubongo wa nguruwe. Leo tunajua mfumo huo unahusika na maumivu, hamu ya kula, kumbukumbu na usingizi. Tunajua pia kwamba vipokezi hivyo ni vichache kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, na ndiyo maana bangi haizimi pumzi ya mtu kama afyuni inavyoizima. Wapo wanaolichukua jambo hilo wakasema kumbe haina madhara. Hapana. Kumbukumbu na akili inayokua ziko kwenye sehemu nyingine za ubongo, na huko vipokezi vimejaa.

Msikilizaji, linaloniuma katika historia hii ni pengo la miaka. Mwaka 1980, watafiti wa São Paulo nchini Brazili, akiwamo Elisaldo Carlini, wakishirikiana na Mechoulam, walitoa matokeo ya jaribio dogo. Wagonjwa 8 wa kifafa kisichosikia dawa walipewa CBD. Wanne karibu wapone degedege kabisa, watatu wakapata nafuu kiasi, mmoja hakupata kitu. Ni jaribio dogo, halithibitishi, lakini linaita jaribio kubwa. Jaribio kubwa likaja mwaka 2017. Miaka 37! Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 3 wakati ule alishakuwa mtu mzima wa miaka 40, kama alifika.

Sababu haikuwa ya kisayansi. Marekani, nchi yenye fedha nyingi kuliko zote za utafiti wa tiba, iliiweka bangi mwaka 1970 kwenye fungu la dawa zisizo na matumizi yoyote ya tiba. Mtafiti aliyetaka kuithibitisha vinginevyo alipitia vibali juu ya vibali, na bangi halali ya kufanyia utafiti ilitoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi, tangu mwaka 1968 hadi mwaka 2021 serikali ilipoanza kutoa leseni kwa wengine. Sheria ilisema hakuna ushahidi, na sheria hiyohiyo ikafunga njia ya kuutafuta.

Watafiti walipofungiwa mlango, wananchi walipitia dirishani. Jimbo la Colorado liliruhusu bangi ya tiba, na mwaka 2013 televisheni ilitangaza habari za mtoto mmoja wa huko aliyepata nafuu kubwa ya Dravet kwa mafuta yenye CBD. Familia zikahama majimbo yao, zikauza nyumba, zikaenda Colorado. Nani awalaumu? Mwaka 2015 madaktari wa kifafa wa huko walipitia majalada ya watoto 75 wenye kifafa waliokuwa wakitumia mafuta ya bangi. Wakakuta jambo la kutafakari. Kwa familia zilizohamia Colorado kwa ajili ya dawa, asilimia 47 zilisema mtoto amepata nafuu. Kwa familia zilizokuwa wenyeji wa Colorado tangu zamani, ni asilimia 22.

Ubongo wa mtoto hauwezi kujua mama yake alihama au hakuhama. Kilichotofautiana ni gharama ambayo mzazi alishailipa na matumaini aliyokuja nayo, na huenda matumaini hayo ndiyo yaliyokuwa yakihesabu degedege. Rudi sasa kwenye jaribio la mwaka 2017. Kati ya watoto waliokunywa sharubati tupu, isiyo na chochote, asilimia 27 walirekodiwa kwamba degedege zao zimepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliokunywa CBD ni asilimia 43. Kama kusingekuwa na kundi la sharubati tupu, ile 43 yote tungeiandikia dawa, na tungewadanganya wazazi. Kifafa chenyewe kina majira yake, kinapanda na kushuka, na mtu hukimbilia dawa mpya siku kimepanda. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema “mimi nimemwona kwa macho yangu amepona”, simwiti mwongo. Ninamwambia macho pekee hayatoshi kupima jambo hili.

Akina mama wamekuwa wakiniuliza kuhusu chupa ndogo za mafuta ya CBD zinazouzwa mitandaoni, na ndugu walio ng'ambo huwaletea. Tufanye hesabu. Dozi ya lile jaribio ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 400 kila siku. Chupa iliyoandikwa kwamba ina miligramu 500 kwa jumla ingeisha siku ya pili asubuhi. Mzazi anayempa mtoto matone matatu kutoka chupa hiyo hampi dawa iliyotafitiwa, hata jina likiwa ni hilohilo. Tena maandishi yenyewe si ya kuaminiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwa njia ya intaneti, kutoka kampuni 31, wakazipima. Chini ya theluthi moja ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Bidhaa 18 zilikutwa na THC, ile inayolewesha. Hebu fikiria hiyo ikiingia kwenye mwili wa mtoto wa miaka minne.

Kuhusu magonjwa mengine nitapita haraka. Kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali: ushahidi upo, na vidonge vyenye THC ya kutengenezwa maabara viliidhinishwa Marekani tangu mwaka 1985. Kukakamaa misuli kwa wenye ugonjwa wa neva uitwao skelerosisi: Uingereza iliidhinisha dawa ya kupulizia mdomoni, Sativex, mwaka 2010. Maumivu ya muda mrefu: hapa wataalamu wamegawanyika. Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Marekani zilisema ushahidi ni wa kutosha kwa watu wazima. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kikasema bado hakiwezi kuiunga mkono, kwa kuwa majaribio mengi yana kasoro. Shida kubwa ni kwamba aliyepewa THC huhisi kichwani kwamba amepewa, kwa hiyo siri ya jaribio huvuja.

Kuponya saratani yenyewe, nasema bila kupepesa macho: hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba bangi inaiponya. Kuua seli kwenye kibakuli cha maabara ni jambo ambalo hata chumvi ikizidi inaliweza. Mgonjwa anayeacha matibabu ya hospitali kwa ajili ya mafuta ya bangi anapoteza miezi ambayo hairudi.

Na vijana wanaovuta wakidhani wanajitibu mawazo, wasikie pia. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kufuatilia zaidi ya vijana 45,000 walioingia jeshini, kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta. Watu wamebishana tangu hapo ni kiasi gani cha hilo kinatokana na bangi yenyewe, lakini tafiti za baadaye zimezidi kuelekea upande huohuo, hasa kwa bangi kali inayovutwa kila siku.

Sasa tuje nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye kifafa kuwa karibu milioni 50, na karibu asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mahenge, mkoani Morogoro, kliniki ya kifafa ilianzishwa na daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto kwa kuangukia jikoni, wametengwa kwa kudhaniwa ugonjwa wao unaambukiza, na watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka kama wanaosinzia. Leo watafiti wanauhusisha ugonjwa huo na minyoo ya usubi. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimetafiti kifafa kwa miaka mingi, na huko wamekuta mkono wa vimelea, malaria ikiwamo, na wa matatizo wakati wa kuzaliwa.

Hiki ni kifafa chetu. Majaribio ya CBD yaliyozaa kibali yalihusu magonjwa machache tu, mengi ya asili ya jeni, na karibu yote yalifanyika nje ya Afrika. Hayakumhusu kijana wa Mahenge. Hatuwezi kuyachukua matokeo ya Dravet tukayavisha kifafa cha usubi. Na bei ya Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa takriban dola 32,500 kwa mwaka, wakati Shirika la Afya Duniani linasema dawa za kila siku za kifafa zinaweza kugharimu hata dola 5 tu kwa mwaka. Shirika hilohilo linasema asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Kwa hiyo hasira yangu ya kwanza haiko kwenye bangi. Iko kwenye zahanati isiyokuwa na fenobabitoni, mojawapo ya dawa hizo za bei ndogo.

Ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wenye mmea. Lesotho ilitoa leseni ya bangi ya tiba mwaka 2017, Malawi ikabadili sheria mwaka 2020, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Rwanda likapitisha mwongozo wa kuilima na kuisindika kwa ajili ya kuuza nje, huku kuivuta kukibaki kosa. Desemba mwaka 2020 Umoja wa Mataifa nao, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliiondoa bangi kwenye orodha kali ilimokuwa pamoja na heroini. Tanzania tunafyeka na kuchoma mashamba ya Arumeru na Tarime. Sisemi yaachwe. Nasema kwamba kulima kwa ajili ya kusafirisha na kuchoma mashamba vinafanana kwa jambo moja: vyote havituachii maarifa. Magunia yanaondoka au yanageuka majivu, na swali la mgonjwa wa Mahenge linabaki bila mtu wa kulijibu.

Wanaohofia kwamba utafiti ni kufungulia moshi mitaani watazame Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, poda ya mofini ikachanganywa na maji, ikawa dawa ya kunywa kwa wagonjwa wa saratani wenye maumivu. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mofini ni kali kuliko bangi kwa mbali, lakini ilipewa daftari, kufuli na watu waliofundishwa. Tunayo Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, tunayo taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, tunao madaktari wa neva wanaozidi kuongezeka. Kibali cha kupima mmea kwenye maabara yenye kufuli, na fedha ya jaribio moja la haki kwa wagonjwa wetu, vingetosha kuanza.

Wakati tunasubiri, mzazi mwenye mtoto wa kifafa, nisikilize. Dawa anayotumia usiikatishe ghafla kwa sababu umepata mafuta, maana kukatisha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo isiyokoma, na hiyo inaua. Ukishaanza kumpa mafuta, mwambie daktari bila woga, kwa kuwa CBD hupandisha kiwango cha dawa nyingine mwilini, klobazamu ikiwa mojawapo, na mtoto akalala usingizi usio wa kawaida. Omba kipimo cha ini. Ukinunua, muulize muuzaji mililita moja ina miligramu ngapi za CBD, ngapi za THC, na maabara gani imepima. Akishindwa kujibu, funga pochi yako, urudi kliniki na daftari la kuanguka kwa mtoto: tarehe, saa, na degedege ilidumu dakika ngapi.